Jinsi ya kujenga chujio lako la waranti za hisa za Marekani, hatua kwa hatua

Waranti 600, dola 6. Hayo ndiyo malipo niliyoyakuta kwenye akaunti yangu asubuhi moja, kwa waranti (haki za kununua hisa kwa bei iliyoandikwa) ambazo wiki tano kabla zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 4,000. Orodha ya bure niliyokuwa nikiitegemea ilisema zimebakiza miaka minne na ushei, na kuhusu tarehe haikukosea. Ila haikuwa na mahali pa kuonyesha kwamba kampuni ina haki ya kuzikomboa mapema, yaani kuzichukua tena kwa bei iliyomo mkatabani. Tangazo la kuzikomboa lilitoka nikiwa safarini, barua pepe ya dalali ikazama kati ya barua nyingine mia, siku ya mwisho ikapita. Nikalipwa senti moja kwa kila waranti, kama mkataba ulivyosema.

Tangu hapo sijatafuta waranti kwa kutegemea orodha ya mtu mwingine peke yake. Nimejijengea chujio langu kwenye lahajedwali, na humu nakuonyesha namna ya kujenga lako. Huhitaji kulipia chochote wala kujua kuandika programu. Unahitaji kompyuta, intaneti, na jioni mbili za utulivu.

Kwanza, tunachuja nini

Kama umewahi kuwa mwanahisa Nairobi au Dar es Salaam, huenda umeona kampuni ikiwapa wanahisa wake haki ya kununua hisa mpya kwa bei nafuu, na haki hiyo ikaisha baada ya wiki chache. Waranti ni ndugu wa haki hiyo, tofauti ni kwamba inaishi miaka na inauzwa sokoni kama hisa. Inakupa haki ya kununua hisa ya kampuni kwa bei iliyoandikwa (tuiite bei ya utekelezaji), kabla ya tarehe iliyoandikwa (ukomo). Ukiitumia, kampuni inatoa hisa mpya na fedha zako zinaingia kwake.

Marekani utakutana na aina mbili hasa. Ya kwanza ni waranti za kampuni za kawaida. Mfano mzuri ni Occidental Petroleum: tarehe 3 Agosti 2020 iliwagawia wanahisa wake waranti, moja kwa kila hisa nane walizokuwa nazo, bei ya utekelezaji dola 22, ukomo 3 Agosti 2027. Wakati huo hisa yenyewe ilikuwa chini ya dola 22, na wengi waliziona kama karatasi tu. Aina ya pili, iliyo nyingi zaidi, ni waranti za SPAC, yaani kampuni inayokusanya fedha sokoni kwanza kisha ndiyo itafute biashara ya kuungana nayo. Hizo karibu zote zina bei ya utekelezaji ya dola 11.50 na ukomo wa miaka mitano baada ya muungano. Kwa sababu zinafanana usoni, ni rahisi kudhani zinafanana na ndani pia. Hazifanani.

Hatua ya 1: Pata orodha ghafi

Usianze na tovuti zinazouza orodha. Soko lenyewe linatoa orodha bure. Ingia nasdaqtrader.com, tafuta sehemu ya orodha ya alama za hisa, na upakue mafaili mawili: nasdaqlisted.txt lenye zilizoorodheshwa Nasdaq, na otherlisted.txt lenye masoko mengine kama New York Stock Exchange na NYSE American. Ni maandishi matupu ambayo safu zake zimetenganishwa kwa mstari wima, hivi: |

Fungua lahajedwali, mimi natumia Google Sheets, na uingize kila faili kwenye ukurasa wake. Ukiulizwa kitenganishi, chagua cha kujiwekea mwenyewe na uandike huo mstari wima. Mstari wa mwisho wa kila faili unaonyesha saa faili lilipotengenezwa. Ufute, si hisa.

Hatua ya 2: Toa waranti tu

Watu wengi huchuja kwa herufi ya mwisho, kwa kuwa waranti za Nasdaq huishia na W. Usitegemee hilo peke yake. SCHW inaishia na W na ni hisa ya kawaida ya Charles Schwab. Chuja kwa jina. Kwenye ukurasa wa tatu, kwa faili la Nasdaq, andika:

=FILTER(nasdaq!A:H, REGEXMATCH(LOWER(nasdaq!B:B),"warrant"), NOT(REGEXMATCH(LOWER(nasdaq!B:B),"\bunits?\b")), nasdaq!D:D="N")

Hapa "nasdaq" ni jina ulilolipa ukurasa. Sehemu ya kwanza inachukua majina yenye neno "warrant". Ya pili inaondoa yuniti, yaani vifurushi vya hisa na waranti vinavyouzwa pamoja, kwa sababu jina la yuniti nalo hutaja waranti iliyomo. Angalia hizo alama \b zilizozunguka neno: bila hizo chujio lingetupa kila kampuni yenye United, Community au Opportunity katika jina lake, maana zote zina herufi u-n-i-t ndani. Mimi nilipoteza majina kadhaa kwa njia hiyo mpaka nilipoona kampuni ninayoijua haimo. Sehemu ya mwisho inaondoa alama za majaribio ambazo masoko huzitumia kupima mitambo yao. Kwa faili la pili safu ya majaribio ni G badala ya D, mengine ni yale yale.

Faili la Nasdaq lina zawadi moja ambayo watu huipita: safu ya hali ya kifedha. N ni kawaida. D maana yake kampuni imeshindwa kutimiza masharti ya kubaki sokoni, E imechelewesha taarifa zake, Q imefilisika. Usifute wenye D, lakini wapake rangi. Kampuni yenye D mara nyingi hutafuta njia ya kupandisha bei ya hisa yake kwa kuunganisha hisa, na hapo ndipo hesabu za waranti huharibika, kama utakavyoona.

Kuhusu alama: waranti ya Occidental kwa dalali mmoja ni OXY WS, kwa mwingine OXY.WS, kwingine OXY+ au OXY-WT. Ni kitu kile kile. Weka safu moja ya alama kama dalali wako anavyoiandika, usije ukanunua kitu kingine kwa haraka.

Hatua ya 3: Safu kumi za kujaza kwa mkono

Sasa fungua ukurasa mpya, huu ndio chujio lenyewe. Panga safu hivi: A alama ya waranti, B alama ya hisa, C bei ya hisa, D bei ya waranti, E bei ya utekelezaji kwa hisa moja nzima, F uwiano (waranti moja inanunua hisa ngapi), G ukomo, H masharti ya kukombolewa, I hali ya kampuni, J tarehe uliyosoma mkataba mara ya mwisho.

Usijaze zote mia kadhaa. Anza na ishirini unazozielewa biashara yake. Chujio lenye ishirini zilizosomwa kwa makini lina faida kuliko lenye mia nne za kunakili.

Bei chukua kwa dalali wako. Na usichukue bei ya mwisho iliyouzwa, kwa kuwa waranti nyingi zinaweza kukaa siku nzima bila kuuzwa. Chukua bei ya mnunuzi na ya muuzaji, weka katikati yake, na kando andika pengo. Mnunuzi akitoa 0.30 na muuzaji akitaka 0.42, ukinunua leo na kuuza leo umeshapoteza zaidi ya robo ya fedha zako.

Hatua ya 4: Soma mkataba

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo orodha nyingi zilipokosa. Nenda sec.gov, tovuti ya SEC (msimamizi wa masoko ya hisa Marekani), kwenye hifadhi yake ya hati iitwayo EDGAR, andika jina la kampuni. Unatafuta hati inayoitwa "Warrant Agreement". Huambatishwa kwenye taarifa ya 8-K (ya matukio muhimu ya kampuni) siku za mwanzo wa kuuza hisa, mara nyingi kama kiambatisho chenye namba inayoanza na 4. Usipoiona, taarifa ya mwaka ya 10-K kwa kawaida huwa na kiambatisho kinachoeleza hisa na waranti zote za kampuni. EDGAR pia ina utafutaji wa maneno ndani ya hati, unaorudi nyuma hadi 2001.

Mkataba wa SPAC huwa na mpangilio unaofanana. Sehemu ya 3 mara nyingi ni bei na muda, ya 4 ni marekebisho, ya 6 ni ukombozi. Soma hizo tatu neno kwa neno, hata kama utakesha.

Katika sehemu ya 3 tafuta ni lini waranti inaanza kutumika. Kwa SPAC mara nyingi ni siku 30 baada ya muungano, na nyingine huongeza sharti la miezi 12 tangu hisa kuuzwa mara ya kwanza. Tafuta pia kama hisa zitakazotoka lazima ziwe zimesajiliwa kwa SEC. Usajili usipokamilika, huwezi kutumia waranti yako kwa fedha taslimu hata hisa ikipanda vipi.

Katika sehemu ya 6 ndipo nilipoumia. Sharti la kawaida linasema: hisa ikifika dola 18 au zaidi kwa siku 20 kati ya siku 30 za soko, kampuni inaweza kuzikomboa waranti zote kwa senti moja kila moja, kwa notisi ya siku 30. Katika siku hizo una njia mbili, kuuza au kutumia. Ukikaa kimya unapata senti. Baadhi ya mikataba ina sharti la pili, kukombolewa kwa senti kumi hisa ikiwa juu ya dola 10, ambapo mwenye waranti anaweza kubadilisha na kupata sehemu ya hisa kufuata jedwali lililomo mkatabani. Kwenye safu H andika yote mawili kama yapo: "18/20 kati ya 30, senti 1, pia 10, senti 10, jedwali". Na ujue kwamba waranti za waanzilishi mara nyingi hazikombolewi hivyo zikiwa bado mikononi mwao. Ukisikia kiongozi wa kampuni anasema ameshikilia zake, huenda ameshika kitu kisicho sawa na chako.

Safu I, hali ya kampuni, ina maneno manne tu kwangu: inatafuta, imetangaza, imeungana, ya kawaida. SPAC inayotafuta ina muda wa mwisho. Ikishindwa kuungana, wenye hisa hurudishiwa fedha zao kutoka akaunti ya amana, na wenye waranti hawapati kitu. Kwa hiyo waranti ya SPAC inayotafuta ina ukomo wa pili uliojificha, ambao unaweza kuwa miezi michache tu mbele. Mimi huandika tarehe hiyo kwenye G mpaka muungano ukamilike.

Hatua ya 5: Fomula

Mstari wa pili wa jedwali, safu zinazofuata:

K, thamani ya ndani: =MAX(0,(C2-E2)*F2)

L, ziada: =(E2+D2/F2)/C2-1

M, miaka iliyobaki: =(G2-TODAY())/365

N, ukuaji wa kulingana: =(E2/(C2-D2/F2))^(1/M2)-1

O, nguvu: =C2*F2/D2

K ni faida ambayo ungepata ukiitumia leo, kabla ya kutoa uliyolipa kwa waranti. L ni kiasi ambacho hisa lazima ipande mpaka ukomo ili usipate hasara. O ni hisa za dola ngapi unazishika kwa kila dola unayoweka.

Ila safu ninayoipenda kuliko zote ni N. Inajibu swali ambalo mnunuzi wa waranti anapaswa kujiuliza kabla ya lingine lolote: hisa inapaswa kukua kwa asilimia ngapi kwa mwaka ili waranti inilipe sawa na ambavyo hisa yenyewe ingenilipa? Hisa ikikua zaidi ya hapo, waranti inashinda. Ikikua chini ya hapo, ungebaki na hisa, na gawio ungepata.

Tuchukue namba za mfano. Hisa dola 9, waranti senti 90, bei ya utekelezaji 11.50, uwiano 1, imebaki miaka mitatu. Ziada ni asilimia 37.8. Nguvu ni 10, na hiyo 10 ndiyo inayowapofusha watu. N inatoa asilimia 12.4 kwa mwaka. Jiulize kwa moyo mweupe: unaamini biashara hii itakua kwa zaidi ya asilimia 12 kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo? Sasa chukua waranti nyingine: hisa dola 50, waranti dola 29, bei ya utekelezaji 22, mwaka mmoja umebaki. Ziada asilimia 2, nguvu 1.7 tu, lakini N ni asilimia 4.8. Kwa macho ya haraka, waranti ya kwanza ndiyo inavutia. Kwa N, ya pili inadai kidogo sana kwako.

Hatua ya 6: Ziada hasi ni kengele

Ukipanga jedwali kwa L, juu kabisa utaona waranti zenye ziada hasi, kama vile soko limesahau fedha barabarani. Moyo utadunda. Tulia.

Hii hapa moja niliyoiona kwa karibu. Hisa ilikuwa dola 14, waranti senti 2, bei ya utekelezaji 11.50. Chujio lilionyesha ziada ya hasi 17.7 na thamani ya ndani ya dola 2.50 kwa kitu kinachouzwa senti mbili. Nikafungua EDGAR. Kampuni ilikuwa imeunganisha hisa zake, 20 kuwa 1. Baada ya hapo waranti moja inanunua hisa 0.05, na bei ya utekelezaji kwa hisa nzima ni 11.50 mara 20, yaani dola 230. Nilipoweka 230 kwenye E na 0.05 kwenye F, ziada ikawa asilimia 1,546. Waranti 20 pamoja na dola 230 zingenipa hisa moja ya dola 14. Soko halikuwa limesahau chochote.

Marekebisho huenda upande wa pili pia. Mikataba mingi ya SPAC inasema kampuni ikitoa hisa nyingi mpya chini ya dola 9.20 ili kukamilisha muungano, na bei ya soko nayo ikiwa chini ya hapo, bei ya utekelezaji inashushwa hadi asilimia 115 ya bei mpya au ya bei ya soko, ile iliyo kubwa. Hata mabenki yaliwahi kuwa na marekebisho ya namna hii: waranti za JPMorgan, ambazo Hazina ya Marekani iliziuza kwa mnada Desemba 2009 kwa dola 10.75 kila moja, zilianza na bei ya utekelezaji ya dola 42.42, na bei hiyo ilipunguzwa gawio lilipopita kiwango fulani. Zilipofika ukomo Oktoba 2018 hisa ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya dola 100. Aliyebaki na 42.42 kwenye jedwali lake alikuwa na namba isiyo sahihi, ingawa kosa lilimpendelea.

Sababu nyingine za ziada hasi: waranti bado haijaanza kutumika, usajili wa hisa haujakamilika, au ukombozi umetangazwa na watu wanakimbilia kuuza. Kila ukiona hasi, rudi hatua ya 4 kabla ya kugusa kitufe cha kununua.

Hatua ya 7: Vichujio vyangu vya kila wiki

Kwanza naondoa zote ambazo pengo la mnunuzi na muuzaji linazidi asilimia 10. Kisha naondoa zote ambazo safu J ina zaidi ya siku 90, si kwa kuzifuta bali kwa kuzipeleka kwenye orodha ya kusoma upya. Kisha zenye chini ya mwaka mmoja, isipokuwa zile ambazo thamani ya ndani inabeba karibu bei yote. Zinazobaki napanga kwa N, ndogo juu. Kwangu huwa zinabaki sita au saba. Hapo naacha hesabu na kuanza kusoma biashara yenyewe: madeni, mapato, nani anaongoza.

Ukinunua, tumia agizo lenye bei uliyoitaja wewe. Agizo la bei yoyote kwenye waranti isiyo na wauzaji wengi linaweza kukugharimu theluthi ya fedha zako kwa sekunde moja. Kabla ya kununua, muulize dalali mambo matatu kwa maandishi: je, anaruhusu kutumia waranti au kuuza tu, anatoza kiasi gani, na siku yake ya mwisho ya kupokea maagizo ni ipi. Siku ya dalali huwa kabla ya siku ya kampuni.

Hatua ya 8: Ulinzi wa ulichonunua

Kwa kila waranti uliyonayo yenye sharti la dola 18, weka fomula ya rangi: safu C ikifika 16, kisanduku kiwe cha njano; ikifika 18, chekundu. Kikiwa chekundu, anza kuhesabu siku. Jiandikishe kupata taarifa za kampuni kwenye EDGAR kupitia RSS (njia ya kuletewa habari mpya zikitoka), na uweke barua pepe za dalali zenye neno "redemption" ziingie kwenye folda yake peke yake, zenye mlio kwenye simu.

Kwa sisi tulio Afrika Mashariki saa zinasaidia. Soko la New York linafunguliwa saa kumi na nusu jioni kwetu wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, na saa kumi na moja na nusu wakati mwingine wa mwaka. Matangazo mengi hutoka kabla ya hapo, kwetu ikiwa ni alasiri. Mimi nafungua lahajedwali kila siku ya kazi saa tisa na nusu, nasoma 8-K mpya za kampuni zangu, nikilazimika kuusoma mkataba tena nabadilisha tarehe kwenye safu J, kisha ndiyo naangalia bei.